Tunawakataza watoto Kiswahili kutwa nzima, kisha tunawadai insha ya Kiingereza. Walimu wenzangu, njooni tuzungumze

Mwl Chaki (mleta uzi)

Habari za jioni wanajamvi.

Nafundisha Kiingereza shule moja ya kata mkoani Morogoro, mwaka wa tisa huu. Nina mikondo mitatu ya kidato cha pili na mmoja wa kidato cha tatu, jumla wanafunzi 212. Nimekaa na daftari zao tangu saa kumi alasiri na nimeona niandike hapa kabla sijalala, maana jambo hili limenikaa moyoni siku nyingi.

Shule yetu ina shughuli zote za Kiingereza mnazozijua. Asubuhi mstarini kuna hotuba ya dakika tatu. Alhamisi kuna mdahalo. Mlangoni kwa ofisi ya walimu kumebandikwa karatasi, "No English No Service". Kuna viranja wa lugha wanaoandika majina ya wanaoongea Kiswahili. Mgeni akija atasema hapa Kiingereza kimeshika.

Lakini kaa nasi wiki mbili. Hotuba ya mstarini ni ileile ya ajali za barabarani niliyoikuta nilipofika. Wanarithishana, kidato kwa kidato. Mtoto anaikariri, anaisema kwa pumzi moja huku anatetemeka, tunampigia makofi, anarudi kwenye mstari wake. Mdahalo wiki hii "Elimu ni bora kuliko pesa", wiki ijayo "Maisha ya kijijini ni bora kuliko ya mjini". Wanaosimama ni walewale sita au saba, na nusu ya muda wao inaishia kumsalimu mwenyekiti, katibu na mtunza muda. Wengine wote wamekaa kimya hadi kengele igonge.

Siku moja nilimwona binti wa kidato cha pili amesimama mbele ya ile karatasi ya mlangoni. Midomo inacheza, sauti haitoki. Akageuka, akaondoka. Nikamfuata hadi chini ya mwembe, nikamuuliza kwa Kiswahili ana nini. Akasema, "Madamu, tumbo linaniuma, nilikuwa napanga sentensi. Nilipomwambia mwenzangu *my stomach is biting me* wakanicheka, sasa sijui niseme nini." Mtoto anaumwa, na dawa ipo kabatini hatua nne kutoka alipokuwa amesimama.

Toka siku hiyo nikaweka kaunta buku, nikawa naandika makosa yao ya insha, nione yanatoka wapi. Baada ya muhula mmoja nikaona kumbe hayako elfu. Ni machache, yanarudi yaleyale, na karibu yote ni Kiswahili kinachofanya kazi yake vizuri mahali ambapo hakikuitwa.

La saa ndilo lililoniumiza zaidi. Insha ya "Siku yangu", kijana kaandika *I wake up at eleven o'clock in the morning*. Wino mwekundu, nikakata, pembeni nikamwandikia kwamba hakuna mwanafunzi anayeamka saa hiyo. Miezi mingi baadaye ndipo nikaelewa. Mtoto anaamka saa kumi na moja alfajiri! Anachota maji, anafungulia mbuzi, anatembea zaidi ya saa nzima kuja shule. Ameamka kabla yangu, na mimi nimemwandikia kwamba ni mvivu.

Halafu *I heard a bad smell*. Sisi harufu tunaisikia, njaa tunaisikia, baridi tunaisikia. Halafu *The thief refused that he stole*, kwa kuwa mwizi wetu anakataa ombi na anakataa kosa kwa neno lilelile. Halafu *My father he sells charcoal*, ambapo hiyo *he* ni ile "a" ya "anauza", mtoto anaona sentensi bila hiyo imekatika. Na baba anakuwa *she* ukurasa wa pili, kwa sababu "yeye" haijali.

Kubwa kuliko yote ni -ka-. Ukishasema "jana nilikwenda sokoni", wakati umeshaufunga: nikanunua nyanya, nikakutana na shangazi, akanipa embe. Kitenzi cha kwanza ni kichwa cha treni, vinavyofuata ni mabehewa. Mtoto anahamisha utaratibu huohuo: *Yesterday I went to the market, I buy tomatoes, I meet my aunt, she give me a mango*. Miaka yote nilikuwa naandika pembeni *tense!*, na sidhani kama kuna mmoja aliyenufaika na neno hilo. Juzi nikaandika ubaoni sentensi ya Kiswahili juu, ya Kiingereza chini yake, nikazungushia duara kila "ka". Nikawaambia Kiingereza hakina mabehewa, kila kitenzi kina injini yake. Darasa zima likatoa ile "aaah!" ambayo mwalimu anaweza kuingoja mwaka mzima.

Nilieleza yote hayo kwa Kiswahili. Kesho yake nikaitwa ofisini kuelezwa kwamba nimevunja sheria ya lugha ya shule.

Naomba mawazo yenu, hasa walimu. Mnasahihishaje insha za madarasa haya makubwa? Na hii sheria ya kukataza Kiswahili, mmeona inazaa nini?

KalamuNyekundu

Mwalimu, nakuheshimu, na hilo la saa nimelisoma mara mbili. Ila naomba nikupinge kidogo.

Nina miaka kumi na minne kazini, mitihani ya kanda nimeisahihisha. Msahihishaji hamjui huyo mtoto wala mbuzi wake. Anaona kosa, anakata. Na si somo la Kiingereza peke yake: Biolojia, Jiografia, Historia, zote maswali yanakuja kwa Kiingereza. Ukimzoesha kueleweshwa kwa Kiswahili, kwenye chumba cha mtihani atamwita nani?

La pili, tukiondoa sheria, mtoto atakiongea wapi Kiingereza? Nyumbani hakuna, gengeni hakuna. Shuleni ndiyo sehemu pekee aliyonayo.

La tatu ni hesabu. Daftari 212, dakika tano kila moja, ni saa kumi na saba na dakika arobaini. Kwa insha moja tu! Tuwe wakweli, wengi wetu tunatoa insha mbili kwa muhula kwa sababu hiyo.

ZaoLaKata

Wakuu, mimi si mwalimu, nilimaliza kidato cha nne 2013 shule ya kata. Kwetu kilikuwa kipande cha mbao chenye kamba. Ukisikika unaongea Kiswahili unakivaa shingoni, na wewe unamtafuta wa kumvisha. Atakayekuwa nacho jioni anachapwa.

KalamuNyekundu unauliza watakiongea wapi. Kaka, sisi hatukukiongea. Tulijifunza kuviziana. Niliyekaa naye dawati moja tulikuwa tunaandikiana vikaratasi kwa Kiswahili tukivipitisha chini ya meza, maana karatasi haisikiki. Ukitaka kujua kama watoto wale walikuwa na hamu ya kuandika, ungeviokota vile vikaratasi.

Kiingereza nimekipata Arusha, mapokezi ya hoteli. Wageni wanaandika barua pepe, lazima ujibu siku hiyohiyo. Mwaka wa kwanza meneja wangu alikuwa anazipitia kabla hazijatumwa, ananirekebishia kitu kimoja au viwili, anasema "tuma". Hakunicheka hata siku moja. Nilikuwa na jambo la kumwambia mtu, na huyo mtu alikuwa anasubiri jibu.

BintiKilifi

Hamjambo nyote. Nafunza shule ya upili huku Kilifi, Kenya. Hicho kipande cha mbao sisi tulikiita diski.

Nimjibu KalamuNyekundu kuhusu mtahini, kwa kile ninachokijua cha KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari. Karatasi ya tatu ya Kiingereza ina alama 60, na 20 za kwanza ni za insha ya kubuni. Mtahini hahesabu makosa kwanza. Anaisoma, anajiuliza: huyu amewasiliana nami au hakuwasiliana? Halafu anaiweka katika daraja, A hadi D. D ni alama 1 hadi 5, pale ambapo msomaji analazimika kukisia mwanafunzi alitaka kusema nini. Anayewasiliana huku anakosea hayuko huko chini. Kwa hiyo mwalimu anayemzoesha mtoto kueleweka kwanza hamharibii mtihani.

Ila sisi tuna ugonjwa mwingine, unafanana na hiyo hotuba yenu ya ajali. Ni sentensi za kukariri. Insha arobaini, thelathini zinaanza asubuhi yenye jua zuri na ndege wanaimba, na kufikia mstari wa tano mtu ametokwa na jasho jembamba. Wameyatoa kwenye vitabu vya marudio.

Nilikuwa na kijana, babake mvuvi, naye kaanza na ndege hao hao. Nikamketisha, nikamuuliza kwa Kiswahili: babako hutoka saa ngapi? Akasema inategemea maji. Maji gani? Basi hapo akafunguka! Akanieleza bamvua na maji mafu, siku gani bahari hukupwa hadi ukaona mwamba na siku gani ni kazi bure. Nikamwambia Kiingereza kina *spring tide* na *neap tide*, mambo ni hayo hayo unayoyajua. Akashangaa kwamba Kiingereza kina maneno ya kazi ya babake. Insha yake ya pili haikuwa na ndege.

MzeeMstaafu

Wanangu, shikamooni ninazipokea. Nimefundisha Kiingereza tangu mwishoni mwa miaka ya sabini.

Mjadala huu una umri mkubwa kuliko wengi wenu. Tume ya Makweta, ile ya Rais ya kuangalia elimu, mwaka 1982 ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili. Halikufanyika. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, walipita mashuleni kupima Kiingereza cha wanafunzi, wakakuta wengi hawana Kiingereza cha kusomea masomo yao. Mwalimu Nyerere naye miaka hiyohiyo alikiita Kiingereza Kiswahili cha dunia, kwa hiyo kikabaki.

Kilichofuata nataka mkijue, maana kimesahaulika. Kuanzia 1987 kulikuja mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza kwa fedha za Uingereza, na mradi ule ulileta vitabu vyepesi vya hadithi, vimepangwa kwa ngazi. Kwangu vilifika kwenye maboksi. Mtoto anaanza na cha chini kabisa chenye maneno machache, akimaliza anapanda. Hakuna mtihani, hakuna maswali mwishoni, anasoma anarudisha. Nilikuwa na daftari la kuazimisha na sikuwahi kuona jambo lile: watoto wanagombea kitabu!

Mwalimu Chaki, hiyo kazi yako ya "ka" ni nzuri sana na ningeipata mimi nikiwa kijana ningefundisha tofauti. Ila mtoto ambaye hajasoma Kiingereza hana pa kuchota. Wa kwako wa sasa walianza kukisoma darasa la tatu. Hawa wa mtaala ulioanza Januari 2024 wanakianza darasa la kwanza, tutaona. Vyovyote vile, bila kitu cha kusoma mnawadai maji kwenye kisima ambacho hakijachimbwa.

MamaWawili

Mimi ni mzazi tu. Mwanangu wa kidato cha tatu ana daftari la Kiingereza lililojaa hadi mwisho, nikafurahi. Nikalikagua vizuri: yote ni notisi alizonakili ubaoni. Sentensi yake mwenyewe sikuikuta hata moja. Hili walimu mnaliona?

Mwl Chaki

MamaWawili, tunaliona, na ndilo linalonikosesha usingizi. Mtoto anaweza kumaliza kidato cha nne ameandika kurasa elfu za Kiingereza, na zake mwenyewe zisifike ishirini.

KalamuNyekundu, hesabu yako ni sahihi kabisa, nami niliipiga. Nilichofanya ni kuacha kusahihisha zote. Kila wiki wote wanaandika nusu ukurasa, lakini nachukua daftari 53 tu, robo yao. Hiyo ni saa nne na nusu hivi, naziweza. Na sikati kila kosa. Kila wiki darasa linajua makosa mawili tunayoyawinda, mathalani saa na -ka-. Natumia penseli, nagusa hayo mawili tu. Mengine yote nayaona, yananiuma, nayaacha. Robo tatu iliyobaki wanasomeana wawiliwawili, na wenyewe wanawinda yaleyale mawili.

Kuhusu pa kuongea, nitakueleza kitu tulichoanza Februari. Ni gazeti la ukutani. Manila mbili, gundi ya unga wa muhogo, na insha sita zilizonakiliwa vizuri, tunabandika kila Ijumaa ya pili. Sharti ni moja: uandike kitu ambacho hapa shuleni wewe ndiye unayekijua kuliko wengine. Wengi huenda kumhoji mtu. Wanahoji kwa Kiswahili, au kwa Kiluguru kama ni bibi, wanaandika kwa Kiingereza.

Kijana mmoja alimhoji fundi baiskeli wa pale njia panda. Akakwama kwenye "kiraka". Kamusi ikampa *patch*. Akarudi kwa fundi kumwambia kwamba kazi yake ina jina kwa Kiingereza, na fundi akamwomba amwandikie kwenye kibanda. Lipo hadi leo kwa chaki, PATCH 500.

Binti mwingine aliandika jinsi mama yake anavyopanga magogo ya tanuri la mkaa, anavyolifunika kwa majani na udongo, na anavyolala nje usiku kulilinda lisitoboke moto. Siku ya kikao cha wazazi mama mwenyewe alikuja. Hajui Kiingereza. Alisimama mbele ya ile manila, binti akamsomea sentensi moja kwa Kiingereza, kisha akamwambia kwa Kiswahili, hivyohivyo mpaka chini. Mahali fulani mama akamkatiza: "Hapana, udongo hatuweki kwanza. Majani kwanza." Mtoto akachomoa kalamu na kurekebisha palepale ukutani, kwa Kiingereza, mbele ya wazazi wote. Miaka tisa yangu yote ya kazi sijaona mwanafunzi akirudia kuandika sentensi kwa sababu haikuwa kweli. Siku zote wanarudia kwa sababu mimi nimekata.

Mzee Mstaafu, umenigusa. Maktaba yetu ni kabati moja na ufunguo uko kwa mtu. Ila nimegundua wakati wa mapumziko wanasimama kusoma manila za wenzao. Kwa sasa ndicho kisima nilicho nacho.

Mpitanjia2

Mwalimu, pelekeni hizo kazi kwenye mashindano. Kuna ya insha ya SADC na ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, yote ni ya sekondari. Kuna pia ya Jumuiya ya Madola, ya tangu mwaka 1883, bure kabisa, inatumwa kwa mtandao. Wenye miaka 14 hadi 18 maneno yasizidi 1,500, walio chini ya hapo yasizidi 750.

Mwl Chaki

Asante sana. Ya Madola sikuijua. Hizo nyingine, mwaka jana tangazo lilitufikia zimebaki siku nne na mada ilikuwa nzito, wakaishia kunakili mahali. Ningependa wapeleke tanuri la mkaa.

KalamuNyekundu

Nimesoma yote. Hilo la mama na majani nimemsomea mke wangu.

Sheria ya lugha bado naiona ina kazi yake, siwezi kusema nimebadilika kwa usiku mmoja. Ila jana niliandika -ka- ubaoni kwa kidato cha tatu kama ulivyoeleza. Waliniuliza maswali kwa dakika ishirini, na huwa hawaniulizi.

Naomba kitu kimoja. Tuwekee kazi ya mtoto mmoja ilivyo, bila kuipamba. Nataka kuona wapi wamefika, na kalamu yako imegusa nini.

Mwl Chaki

Sawa. Huyu ni yule binti wa tumbo. Amenikubalia niiweke bila jina. Makosa ya wiki hiyo yalikuwa saa na -ka-.

*Yesterday I woke up at five. My grandmother she was already outside. I asked her why, and she told me the rain is coming. I looked up and I saw only stars. She laughed. We carried the maize inside the house, I carried four basins and she carried two. At half past six the rain fell. My grandmother hears the smell of rain before all people in our village.*

Penseli yangu haikugusa kitu.

KalamuNyekundu

Saa ziko sawa. Vitenzi karibu vyote viko sawa. Nimeona "grandmother she", hiyo ya "a" uliyoisema. Na hiyo "hears the smell" umeiacha hivyohivyo? Ipo ukutani shule nzima inaisoma?

Mwl Chaki

Ipo ukutani. "Kusikia" tunaiwinda Ijumaa ijayo.